Mabasi Hayatapita Mtaa wa Vikapu

Asubuhi katika Mtaa wa Vikapu, kwanza unasikia milango ya mabati ikifunguliwa. Kisha unasikia maji yakimwagwa na ufagio ukipita juu ya matofali ya kabro. Magari husikii. Mtaa huu uko katikati ya mji wa Itulani, upande wa Kabati, na ni wa watu wanaotembea kwa miguu. Miaka tisa iliyopita, ofisi ya mji iliweka vigingi vya zege kwenye ncha zote mbili. Tangu siku hiyo, hata bodaboda ikiingia hapa inasukumwa kwa mkono.

Sauda ni fundi wa nguo. Duka lake ni dogo, kwa hivyo cherehani yake hukaa nje kwenye kibaraza. Hapo anashona sare za shule. Kulia kwake anaketi Kalekye, mama wa makamo anayesuka vikapu na kuviuza. Kushoto kuna duka la Syombua, ambaye anapiga chapa barua za watu na kutoa fotokopi.

Kila siku ya shule, saa kumi kasorobo, Sauda huinua macho kutoka kwa cherehani. Anamtafuta Ummi, binti yake.

Ummi ana miaka minane. Ni kiziwi tangu kuzaliwa. Anasoma katika kitengo cha watoto viziwi, kwenye shule ya msingi iliyo juu ya mtaa. Kutoka lango la shule mpaka kwa mama yake ni mwendo wa dakika sita, na wote uko ndani ya Mtaa wa Vikapu. Kwingine kote Ummi hushikwa mkono. Hapa anatembea peke yake. Anasimama kwa muuza maembe, anatazama vikapu vya Kalekye, anamsalimia Syombua kwa ishara. Watu wa mtaa wamejifunza ishara zake chache. Wanajua "njoo," "maji," "mama," na "ngoja."

Jumanne moja mwezi wa tano, wanaume wanne walikuja na rangi nyekundu na futi ndefu. Mkubwa wao aliitwa Nzuki. Alikuwa afisa wa barabara katika ofisi ya mji.

"Habari ya kazi, mama," alimwambia Sauda. "Sogeza hicho kiti ndani kidogo."

"Kwa nini?"

"Laini inapita hapa."

Kijana mmoja aliinama na kuchora mstari mwekundu juu ya kibaraza. Mstari ulipita kati ya cherehani na mlango.

"Laini ya nini?" Sauda aliuliza.

"Ya barabara. Kuanzia mwezi wa saba, mabasi ya Kitui na Mwingi yatapitia hapa. Steji ya kushusha abiria itakuwa pale chini."

Kalekye aliweka kikapu chake chini. "Nani alisema?"

"Nyinyi wenyewe," Nzuki alijibu. "Tulifanya mkutano wa umma mwezi wa pili. Mlikuja, mkakubali, mkatia sahihi. Karatasi ziko ofisini."

"Mimi sikuitwa kwa mkutano wowote," Sauda alisema.

"Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi. Kama hukusoma, hayo si makosa yetu. Vibaraza vyote viondolewe kabla ya mwisho wa mwezi wa sita."

"Na tusipoviondoa?"

Nzuki alikunja futi yake taratibu. "Tingatinga litaviondoa," alisema, akaenda kwa duka lililofuata.

Sauda alirudisha kiti chake pale pale kilipokuwa, juu ya mstari mwekundu, akaketi. Rangi ilikuwa bado mbichi. Iliharibu pindo la buibui lake, lakini hakusimama.

Jioni, wakati wa chakula, alimweleza mume wake. Tariq alikuwa dereva wa basi. Kampuni yake ilikuwa na mabasi saba kati ya Kitui na Mwingi, na yote yalisimama Itulani.

"Hata sisi tumeambiwa," Tariq alisema. "Kampuni imefurahi sana."

"Na wewe?"

Tariq aliosha mikono kabla ya kujibu. "Steji ya sasa iko mbali, Mama Ummi. Wamama wanatoka Kabati na magunia. Wanatembea kilomita nzima juani mpaka sokoni. Wanaponilaumu, sina la kuwaambia. Hiyo barabara itawasaidia."

"Na Ummi atapita wapi?"

"Atazoea. Watoto wote wa mjini wanaishi na magari."

"Watoto wote wanasikia, Baba Ummi."

Tariq alimtazama binti yao. Ummi alikuwa anachora kwenye daftari, ulimi umetoka kidogo upande mmoja wa mdomo. Hakujua kwamba alikuwa anazungumziwa.

"Sisi ni watu wadogo," Tariq alisema mwishowe. "Wameshaamua. Utafanya nini?"

Sauda alikusanya sahani. "Bado sijui," alisema. "Lakini kibaraza changu siondoi."

Kesho yake wafanyabiashara walikusanyika mbele ya duka la Syombua. Walikuwa na hasira. Kalekye ndiye alikuwa na hasira kuliko wote.

"Tuchome matairi," alisema. "Tuweke mawe huku na huku. Nione basi litakaloruka."

Wengi walisema ndiyo. Syombua alitoka dukani, miwani ikiwa juu ya kichwa. Kabla ya kufungua duka lake, alikuwa karani katika bunge la kaunti kule Kitui kwa miaka kumi. Barua na maombi ya wananchi yalipitia mikononi mwake.

"Mkichoma matairi," alisema, "kesho hakuna atakayeuliza habari ya barabara. Wote watauliza nani aliwasha moto. Kalekye atalala ndani, na mabasi yatapita."

"Kwa hivyo tunyamaze?" Kalekye aliuliza.

"Sijasema tunyamaze. Tutapiga kelele, lakini kelele ambayo lazima wajibu. Tutaanza na karatasi zao wenyewe."

Watu walisogea karibu. Syombua alizungumza polepole, ili kila mtu aelewe.

"Katiba inasema wananchi washirikishwe katika mambo yanayowagusa. Kushirikishwa si kubandika karatasi ndani ya ofisi. Mnatakiwa kuambiwa mapema, kwa njia inayowafikia. Mnatakiwa kuelezwa kwa lugha mnayoelewa. Halafu maoni yenu yasikizwe, hata kama ni ya kukataa."

"Nzuki anasema tulikubali," Sauda alisema. "Anasema kuna sahihi."

"Basi tuzione. Mwananchi ana haki ya kuona karatasi za ofisi ya umma. Unaandika barua, unataja karatasi unayotaka. Si lazima ueleze unaitakia nini. Wana siku ishirini na moja kukujibu."

"Na wakinyamaza?"

"Ndiyo maana unakaa na nakala yako, imegongwa muhuri na tarehe. Barua isiyo na muhuri watasema hawakuiona."

"Tukishaziona?"

"Tunapeleka ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Mtu yeyote anaweza. Bunge likilipokea, kamati yake lazima ilichunguze na kutoa jibu. Lakini lazima liandikwe vizuri. Nimeona maombi mengi yakirudishwa kwa sababu yalikuwa matusi tupu."

Kalekye alicheka kidogo. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo.

Barua iliandikwa mchana huohuo. Iliomba vitu viwili: ramani ya barabara mpya, na orodha ya watu waliohudhuria mkutano wa mwezi wa pili. Sauda alitia sahihi. Alhamisi aliipeleka ofisi ya mji.

Nzuki aliisoma akiwa amesimama. "Iache hapo mezani," alisema.

"Nitaiacha. Naomba nakala yangu igongwe muhuri."

"Mwenye muhuri ametoka."

"Nitamngoja."

"Huenda asirudi leo."

"Nitamngoja hata kesho," Sauda alisema.

Aliketi kwenye benchi ya koridoni. Alitoa mkobani sindano, uzi, na sketi tatu za shule. Akaanza kukunja pindo kwa mkono. Saa nne Kalekye alikuja na kikapu alichokuwa akikisuka, akaketi kando yake. Saa tano wakaja wanawake wengine wanne, kila mmoja na kazi yake. Mmoja alikuwa anachambua pojo kwenye ungo. Benchi ilijaa. Waliobaki waliketi sakafuni. Hawakupiga kelele. Kila aliyeingia aliwauliza wanangoja nini, na kila mara Sauda alijibu kwa sauti ile ile:

"Tunangoja muhuri."

Saa saba kasoro dakika chache, Nzuki alitoka ofisini mwake akiwa na muhuri mkononi. Aligonga nakala, akamrudishia Sauda. Sauda aliangalia tarehe.

"Hii ni tarehe ya jana," alisema.

Nzuki alibadilisha tarehe na kugonga tena.

Jibu lilikuja siku ya kumi na tisa. Syombua aliweka ramani kando, akavaa miwani yake na kusoma orodha mbele ya duka. Mkutano ulifanyika katika hoteli moja ya mji mwingine, siku ya soko, wakati wafanyabiashara wote walikuwa kazini. Orodha ilikuwa na majina arobaini na mawili. Majina ishirini na sita yalikuwa ya watu wa Mtaa wa Vikapu.

"Namba tisa, Sauda," Syombua alisoma. "Na hapa kuna nambari ya simu."

Sauda alitazama. "Hiyo si nambari yangu. Na hiyo si sahihi yangu."

"Namba kumi na saba, Kalekye."

"Wapi?" Kalekye aliinama juu ya karatasi. Syombua alimwonyesha kwa kidole. Kando ya jina kulikuwa na sahihi nzuri yenye mikia miwili.

"Hiyo ni nini?"

"Ni sahihi yako."

Kalekye alifuata ile mikia kwa kidole. "Mimi sijui kuandika," alisema. "Tangu nizaliwe sijawahi kutia sahihi. Hata kwa chifu, hata kwa benki, naweka dole gumba." Sauti yake ilishuka. "Hawa watu walifikiri mimi ni jina tu."

Halafu muuza maembe akasema, "Namba ishirini ni mimi." Mwingine akasema, "Namba thelathini." Mmoja baada ya mwingine, walitafuta majina yao na kuyakana.

Wiki hiyo waliandika ombi. Syombua aliwaeleza kila sehemu kabla ya kuipiga chapa. Walieleza wao ni nani. Walieleza tatizo ni nini. Walieleza walifanya nini kabla ya kwenda bungeni, na wakaambatisha ile nakala ya barua yenye muhuri. Walieleza kwamba jambo hilo haliko mahakamani. Mwisho walisema wanataka bunge lifanye nini.

"Kila mtu aweke jina, nambari ya kitambulisho, na sahihi," Syombua alisema.

"Na mimi?" Kalekye aliuliza.

"Dole gumba lina nguvu sawa na kalamu. Sheria inalikubali."

Kalekye alibonyeza kidole chake kwenye wino, kisha kwenye karatasi, kwa nguvu. "Hiki hakuna wa kukiiga," alisema.

Watu mia tatu na kumi na wanane waliweka majina yao. Tariq hakuweka. Sauda hakumwomba. Kila jioni karatasi zilikuwa mezani, na kila jioni Tariq alizisogeza kando ili apate mahali pa kuweka sahani yake.

Ombi lilipokelewa Kitui, na ubomoaji wa vibaraza ukasimamishwa kwa muda. Lakini kabla kamati haijaja, kampuni ya mabasi iliomba ruhusa ya kufanya majaribio. Basi moja lingepita Mtaa wa Vikapu mara moja tu, ili waone kama njia inafaa. Vigingi vya juu viling'olewa. Meneja alimchagua Tariq, kwa sababu alikuwa dereva makini kuliko wote. Majaribio yalipangwa saa nane mchana. Tariq alihesabu kwamba saa hiyo Ummi atakuwa darasani, na hakumwambia mke wake.

Lakini Nzuki alichelewa. Alipofika ilikuwa karibu saa kumi. Alipanda basi, akaketi kando ya dereva.

"Twende," alisema.

Tariq aliingiza basi mtaani polepole. Watu walipanda vibarazani, migongo ikigusa milango. Vioo vya pembeni vilipita karibu na nguo zilizotundikwa madukani. Shati moja lilishikwa, likaanguka. Tariq alipiga honi. Njia ikafunguka.

Kisha mtoto mmoja akatoka upande wa lango la shule, akashika katikati ya barabara. Alitembea mbele ya basi, mkoba mgongoni, uso ukielekea upande mwingine. Tariq alipiga honi. Mtoto hakugeuka. Watu walianza kupiga kelele na kupunga mikono.

"Piga tena," Nzuki alisema. "Mtoto huyo ana kiburi."

Tariq alikuwa tayari amekanyaga breki kwa miguu yote miwili. Abiria hawakuwemo, lakini viti vyote vililia. Basi lilisimama. Kutoka kwenye usukani hakuweza kumwona tena mtoto. Kioo cha mbele kilikuwa juu mno.

"Si kiburi," Tariq alisema. Sauti yake ilikuwa ngeni hata kwake. "Huyo mtoto ni wangu. Hasikii."

Alizima injini, akashuka. Ummi alikuwa amesimama hatua mbili mbele ya basi, mzima. Kivuli cha basi kilikuwa kimemfunika, na ndipo alipogeuka. Alipoliona basi, alitabasamu. Alidhani baba yake amekuja kumchukua kutoka shule.

Sauda alikuja mbio, futi ya kushonea ikining'inia shingoni. Alimshika Ummi, akampapasa kichwa, mabega, mikono. Kisha alimtazama mume wake. Akamvuta Ummi nyuma yake, mbali na basi.

"Dereva, panda tumalize," Nzuki aliita kutoka mlangoni.

"Mimi nimemaliza," Tariq alijibu.

"Kazi bado."

"Nitalirudisha basi nilikolitoa. Mbele siendi. Leo siendi, kesho siendi. Kama unataka lipite hapa, liendeshe wewe."

Alirudi nyuma polepole mpaka juu ya mtaa, huku muuza maembe na Kalekye wakimwelekeza kwa mikono. Kisha alipeleka basi kwa kampuni na kuacha ufunguo mezani kwa meneja, kama kila jioni.

Jioni hiyo Tariq alikuwa wa kwanza kusema.

"Kile kioo," alisema. "Nimeendesha miaka kumi na minne. Nilijua mtoto akiwa karibu simwoni. Nilijua, lakini nilikuwa sijawahi kufikiri ni mtoto gani."

Sauda alimwekea chakula.

"Bado unaongeza majina kwenye ombi?" Tariq aliuliza.

"Syombua anasema tunaweza kupeleka karatasi nyingine kwa kamati. Lakini jina lako likiwa hapo, kampuni italiona."

"Walione," Tariq alisema. "Nipe kalamu."

Asubuhi aliazima futi ya Sauda. Alipima mtaa kutoka kibaraza hadi kibaraza, mahali pembamba zaidi. Ulikuwa na upana wa mita tano. Alimweleza Syombua, naye akaandika.

"Basi letu ni mita mbili na nusu, bila vioo," Tariq alisema. "Mabasi mawili yakikutana hapa hayapishani. Moja litapanda kibaraza. Na juu ya kibaraza kuna watu."

"Na wamama wa Kabati wenye magunia?" Syombua aliuliza. "Tukikataa tu, watasema hatuwajali abiria. Ni lazima tuwape njia nyingine."

Tariq alifikiri. "Kuna barabara ya chini, nyuma ya soko. Ni pana. Tatizo ni ule mkondo wa mchanga. Mvua ikinyesha hakuna gari linalopita. Wakijenga kalvati pale, maji yapite chini ya barabara, basi litasimama hatua mia moja kutoka sokoni."

"Na watu wa kule chini?" Sauda aliuliza. "Wao pia waulizwe kwanza. Tusiwafanyie tulivyofanyiwa."

Walienda wenyewe, nyumba kwa nyumba. Watu wa barabara ya chini walikubali, lakini walitaka matuta ya kupunguza mwendo na kivuko cha watembea kwa miguu. Hayo pia yaliandikwa.

Kamati ya bunge la kaunti ilikuja Itulani mwezi wa saba. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti alikuwa mama mpole wa maneno, lakini hakukubali kuzungushwa.

Nzuki alisema wananchi arobaini na wawili walikubali. Mwenyekiti alichukua orodha.

"Namba kumi na saba yuko hapa?"

Kalekye alisimama. "Niko."

"Hii ni sahihi yako?"

"Hapana. Mimi sijui kuandika." Aliinua mkono wake ili wote waone, dole gumba juu. "Yangu ni hii. Iko kwenye ombi, namba tatu. Huyu bwana aseme aliyenitilia sahihi ni nani."

Nzuki alisema orodha iliandaliwa na watu wa chini yake. Mwenyekiti alimuuliza majina ya watu hao. Nzuki alinyamaza, na karani aliandika kwamba alinyamaza.

Kisha wakamwita Tariq. Meneja wa kampuni alikuwa ameketi safu ya kwanza.

"Unajua unazungumza mbele ya mwajiri wako?" meneja aliuliza.

"Najua," Tariq alisema. Akawaambia upana wa mtaa na upana wa basi. Akawaambia kioo kinamficha mtoto wa kimo gani. Hakupandisha sauti. "Mimi si adui wa mabasi," alimalizia. "Mabasi ndiyo yamenilisha. Lakini nimesimamisha basi mbele ya mtoto wangu. Dereva mwingine hangejua kwamba hasikii. Angepiga honi na kuendelea, akidhani mtoto atapisha."

Mwenyekiti aliomba kumsikia Ummi pia. Mwalimu wake alisimama kando yake kutafsiri lugha ya ishara.

"Siku ile hukuona watu wakikupungia mikono?" mwenyekiti aliuliza.

Ummi alijibu kwa mikono, bila haraka. Mwalimu alitafsiri.

"Anasema aliona watu wote wanamtazama. Alidhani wanatazama viatu vyake. Vilikuwa vipya."

Meneja alitazama sakafu.

Wiki hiyohiyo kampuni ilimfuta Tariq kazi. Barua ilikuwa na mistari mitatu. Alikaa nyumbani miezi miwili, akimsaidia Sauda kukata vitambaa, kazi ambayo hakuijua na hakuipenda. Kuna siku alijuta, na alisema hivyo. Baadaye alipata lori la kubeba maembe kutoka Mbumbuni. Malipo ni madogo kidogo kuliko ya basi, na Jumapili yuko nyumbani.

Bunge lilitoa jibu mwezi wa tisa. Mpango wa mabasi katika Mtaa wa Vikapu ulisimamishwa. Vigingi virudishwe. Suala la sahihi bandia likabidhiwe polisi. Kalvati ijengwe kwenye barabara ya chini, baada ya wakazi kusikizwa tena, mara hii pale pale mtaani kwao. Nzuki aliondolewa ofisini, na uchunguzi bado unaendelea. Syombua huuliza habari zake kila mwezi, kwa barua, na kila barua ina muhuri.

Kalvati ilimalizika mwaka uliofuata, kabla ya mvua ya mwezi wa tatu. Siku ya kwanza ya steji mpya, Sauda alisimama kwenye kivuko na Ummi, mkono kwa mkono. Basi la Kitui lilikuja, likapanda tuta, likasimama. Wanawake walishuka na magunia yao ya kunde na mtama. Soko lilikuwa pale pale mbele yao.

Mama mmoja kutoka Kabati aliweka gunia lake chini na kunyoosha mgongo. Alitazama umbali uliobaki, akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Hapa ni karibu kweli," alimwambia kondakta. "Nani alitukumbuka?"

"Ni kaunti, mama," kondakta alijibu. "Kaunti imejenga."

Sauda alikuwa akipita mbele yao na binti yake. Alisimama.

"Kaunti ilijenga," alimwambia yule mama. "Waliodai ni sisi."

Kisha akaushika vizuri mkono wa Ummi ndani ya wake, wakavuka.